Polishi ya sakafu juu ya ndege za plastiki: ni vanishi au ni balaa?

#1 UrojoMoto
Asalaam alaykum wadau.

Naweka dai langu hapa, mwenye kutaka kulivunja alivunje kwa hoja. Kwa modeli za plastiki hakuna vanishi inayoishinda polishi ya sakafu. Sisemi ya kopo, nasema ile ya majimaji, isiyo na rangi. Wamarekani walikuwa wakiiita Future, Waingereza Klear, mwenyewe ni yule yule Johnson. Ilitengenezwa kwa ajili ya sakafu za jikoni, lakini wenye kuunda ndege na meli za plastiki waliidaka zamani wakaigeuza vanishi yao.

Nina modeli ya ndege Dakota ya 1/72 mezani, yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli, ukiipima bawa kwa bawa ni kama sentimita 40. Nataka kuivisha nguo za East African Airways, lile shirika la ndege la zamani la Afrika Mashariki, na simba wake. Vioo vya mbele vya rubani vilikuja vimechubuka tokea kwenye boksi. Kimoja nilikichovya kwenye polishi aliyoniletea binamu yangu, nikagusisha ukingo wake kwenye tishu ili tone la chini linyonywe, nikakifunika bakuli vumbi lisikiingie. Kesho yake mikwaruzo haionekani hata ukikielekeza kwenye taa. Cha pili nimekichovya wiki hii ya mvua, chupa ile ile, kikatoka kina utando mweupe kama jicho lenye mtoto wa jicho.

Nani anajua sababu?

#2 BiMashavu
Waalaykum salaam. Polishi ya sakafu hii ninayoijua mie, nyekundu, ya kusugulia saruji? Tukiipaka kwa tambara la kanga kuukuu tumepiga magoti, mpaka nyayo za watoto zote nyekundu na mashuka yote mekundu. Weka hiyo kwenye ndege yako uone kama rubani hatoki na hina.

#3 FundiNungwi
Bi Mashavu umenichekesha. Lakini polishi ya kopo msiidharau. Mie nachonga vijahazi na vingalawa vya kuwauzia wageni. Nikishapiga msasa laini napaka ile isiyo na rangi, naiacha inywe, nasugua kwa kitambaa. Mbao inatoa uso wake wenyewe. Vanishi ya dukani inaufanya mti uonekane plastiki, mgeni anakishika anakirudisha.

Vyombo vya kweli tunapaka sifa juu, yaani mafuta ya papa, na deheni ya chokaa na mafuta chini kwenye maji. Hayo ya Johnson siyajui.

#4 UrojoMoto
@BiMashavu shikamoo. Siyo hiyo, mama. Hiyo ni nta na rangi nyekundu ndani ya mafuta ya aina ya tapentaini. Yangu haina rangi wala harufu ya tapentaini.

@FundiNungwi kwa mti sibishani nawe. Plastiki hainywi kitu, nta inakaa juu tu, na rangi yoyote utakayopaka baadaye haishiki.

#5 Popobawa_Mstaafu
Fundi, paka sifa hiyo Dakota ya mwenzio. Paka wote wa Mkunazini watakuja kuikagua.

#6 MwlKemia_Wete
Salaam. Naona neno moja linabeba vitu vitatu, ndiyo maana mnapishana.

Kuna ya kopo, ambayo ni nta na kiyeyushi. Kuna ya kupuliza kwa ajili ya makabati na meza, ambayo mara nyingi ina silikoni. Na kuna hii ya UrojoMoto, ambayo kwa hakika haina haki ya kuitwa polishi. Ni plastiki ya akriliki iliyo katika vipande vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, vikaelea ndani ya maji. Ukiipaka, maji yanaondoka, vipande vinasogeleana, vinashikana, vinakuwa ngozi moja nyembamba. Haihitaji kusuguliwa, inang'aa yenyewe.

Mikwaruzo inapotea kwa sababu mkwaruzo ni mfereji wenye hewa. Mwanga ukiufikia unatawanyika, jicho linaona mstari. Akriliki ikiujaza mfereji ule, mwanga unapita karibu kama unavyopita kwenye plastiki yenyewe, maana vitu hivi viwili vinaupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana. Mkwaruzo upo pale pale, umefichwa tu.

Sasa weupe. Ndani ya polishi za namna hii aghlabu kuna zinki na amonia. Amonia inaizuia zinki isifanye kazi mapema. Ikishapeperuka, zinki inaifunga akriliki, ngozi inakuwa ngumu. Ndiyo maana ukitaka kuiondoa unatumia kisafisha vioo chenye amonia, kama Windex. Amonia inarudi, vifungo vinafunguka. Kama chumba kimejaa unyevu, maji yanachelewa kutoka, vipande havishikani sawasawa, vinabaki vijipengo. Vijipengo hivyo ndivyo unavyoviona vyeupe. Mimi nalaumu masika.

#7 Kaskazi_Tupu
Mwalimu nakubali nusu. Mie ninapopuliza rangi siku za kaskazi, jua kali, upepo mkavu, weupe hunitokea pia. Kwa hivyo masika peke yake hayatoshi. Nadhani shida ni joto. Juu kunakauka upesi kunafunga mlango, maji ya chini yanabaki ndani hayana pa kutokea. Ukichovya, tabaka linakuwa nene ukingoni na kwenye kona za fremu, na kama kumbukumbu yangu ni nzuri weupe huanzia huko huko. @UrojoMoto, chako kimeanzia wapi?

#8 UrojoMoto
Kona ya chini kushoto, kwenye fremu. Halafu ukasambaa.

#9 Kaskazi_Tupu
Basi ni unene. Tishu yako haikunyonya vya kutosha.

#10 MwlKemia_Wete
Au kona hiyo ndiyo iliyolala chini ya bakuli, hewa haikufika. Bakuli linazuia vumbi na linazuia unyevu usitoke vile vile. Siku kavu hakuna madhara, siku ya mvua umekifukiza.

#11 ZamuYaUsiku
Naingilia wakubwa. Mie nafanya usafi kwenye hoteli moja, upande wa mashariki. Sisi tunayo ya dumu kubwa, nyeupe kama maziwa ikiwa mbichi, ikikauka haina rangi. Tunaipaka kwenye sakafu ya ukumbi usiku, tabaka jembamba, tunasubiri, tunapaka jengine. Msimamizi wetu ana sheria moja, mvua ikipiga hatupaki. Tukipaka, asubuhi sakafu ina mawingu meupe na kazi yote inaondolewa kwa dawa kali inayochoma macho. Harufu yake ni amonia hiyo anayoisema Mwalimu.

Feni haturuhusiwi kuielekeza chini. Inakausha juu tu.

#12 Kaskazi_Tupu
Feni inakausha juu tu. Asante ZamuYaUsiku. Mwalimu umesoma?

#13 MwlKemia_Wete
Nimesoma pia "mvua ikipiga hatupaki".

#14 Popobawa_Mstaafu
Moja kwa moja. Refa anaangalia saa.

#15 KipandeChaMkoani
Jamani hiyo Future yenyewe si imeshaacha kutengenezwa? Ilibadilishwa majina mara nyingi, ikaitwa Pledge hivi, Pledge vile, mwisho ikatoweka madukani. Wenye chupa za zamani wanazificha. Sasa hiyo ya binamu ni ipi? Klear ya zamani ilikuwa angavu, iliyokuja baadaye ikawa na weupe wa maziwa. Wengi walilalamika kuwa si dawa ile. Yawezekana UrojoMoto anabishania chupa ambayo siyo.

#16 UrojoMoto
Chupa ni moja, yakhe. Kioo cha kwanza kimetoka safi. Nirudie tena?

Ila ngoja. Cha pili niliona polishi imekuwa nzito kidogo, nikaongeza maji.

#17 MwlKemia_Wete
Maji gani?

#18 UrojoMoto
Ya bomba.

#19 MwlKemia_Wete
Subhanallah. Tokea asubuhi tunapigana na masika na mtu kaficha maji ya bomba mfukoni.

Unguja kwa sehemu kubwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, yenye chokaa. Maji yetu mengi yanatoka chini humo na yanabeba chokaa. Angalieni birika zenu za umeme, ule ukoko mweupe wa ndani ndio huo. Vile vipande vya akriliki vinaelea kwa sababu vina chaji, vinasukumana visigandane. Ukitia maji yenye chokaa chaji inavurugika, vinaanza kushikana kabla hata ya kupakwa. Na maji yakikauka, chokaa inabaki.

Anayetaka kuzimua atumie maji yaliyosafishwa ya betri, asome lebo asije akanunua tindikali. Au akinge yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi, yale ni mvuke ulioganda, chokaa hayana.

#20 FundiNungwi
Mwalimu, maji ya mvua je? Sisi tunakinga mapipa kwa mapipa.

#21 MwlKemia_Wete
Ya mvua mazuri zaidi ya ya kisima, lakini yamepita juu ya bati na vumbi lake, na ukiwa karibu na pwani yana chumvi ya hewani. Yachuje.

#22 Kaskazi_Tupu
Na mie niliyetokewa na weupe bila kuongeza tone la maji?

#23 MwlKemia_Wete
Wewe ni mkaidi tu.

#24 BiMashavu
Hahaha. Mwalimu hapo umejibu kama mwalimu.

#25 DekaliZaBaba
Nimechelewa, lakini mmeruka jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko vioo. Polishi hii faida yake hasa ni chini ya dekali, zile nembo na maandishi ya kubandika juu ya modeli. Rangi isiyong'aa ina uso wa mabonde na vilima. Ukiweka dekali juu yake, hewa inabaki kwenye mabonde, na ukiitazama kwa upande unaona kama kipande cha nailoni kimebandikwa, kina mng'ao wa fedha. Simba wako wa East African Airways atakuwa na fremu ya nailoni. Pakaza polishi kwanza, uso uwe laini, dekali inalala bila hewa chini yake. Halafu ifunike tena juu.

Ila tahadhari. Kuna maji ya kulainisha dekali, mengine yananukia siki. Juu ya polishi ambayo haijakomaa yanaweza kuleta weupe huo huo mnaougombania. Mie naiacha siku mbili kamili ndipo naweka dekali. @UrojoMoto ulipaka chochote juu ya kioo?

#26 UrojoMoto
Hapana. Nilikisafisha kwanza kwa dawa ya vioo ya dukani, nikakifuta.

#27 KipandeChaMkoani
Dawa ya vioo! Yenye amonia! Mwalimu njoo umchukue mtu wako.

#28 MwlKemia_Wete
Kama alikifuta kikakauka, amonia ilisharuka, haina neno. Kama kwenye kona ya fremu lilibaki tone, hapo sawa, inaweza kuwa hiyo. Lakini si dawa zote za vioo zina amonia siku hizi.

UrojoMoto, kuna kingine hujatuambia? Hukukiosha kwa urojo?

#29 MeliZaBandarini
Kwa upande wa meli nina maoni tofauti kidogo. Mimi naunda 1/350 na 1/700. Kwenye meli mng'ao ndio adui. Meli ya urefu wa mita mia ukiipunguza mpaka ikae kiganjani, haitakiwi kung'aa kama ile ya kweli, maana hata ile ya kweli ukiitazama kutoka Forodhani ikiwa imetia nanga mbali, mng'ao wake unafifia njiani. Kwa hivyo polishi tupu naitumia chini ya dekali tu, halafu juu naizima. Ninachanganya na dawa ya majimaji ya Tamiya ya kuzimia mng'ao, X-21, kidogo kidogo, nikijaribu kwenye kijiko cha plastiki kwanza. Ukizidisha, kazi yote inavaa unga mweupe kwenye pembe.

Sasa hivi niko na Königsberg, ile manuari ya Mjerumani iliyozama hapa bandarini Unguja 1914.

#30 Popobawa_Mstaafu
Ilizama hapa? Basi nani aliyekwenda kufia Rufiji?

#31 DekaliZaBaba
Iliyozama hapa ni Pegasus, ya Waingereza. Tarehe 20 Septemba 1914, imetia nanga inatengenezwa mitambo, Königsberg ikaja alfajiri ikaipiga. Mabaharia wake wamezikwa Chapwani. Königsberg yenyewe ikajificha delta ya Rufiji mpaka Julai 1915.

#32 MeliZaBandarini
Kweli, nimezigeuza. Königsberg ndiyo mpigaji.

#33 BiMashavu
Na ile ya Sultani, ambayo milingoti yake ilibaki imetoka nje ya maji kwenye picha?

#34 DekaliZaBaba
Hiyo ni Glasgow, bibi. Agosti 27, 1896, vita vile vya chini ya saa moja. Sayyid Barghash aliiagiza Uskochi baada ya kimbunga cha 1872 kumvunjia meli zake. Ilikuwa ya mbao na vyuma, ina milingoti mitatu na injini ya mvuke. Sijaona boksi la vipande vyake vya plastiki popote. Anayeitaka itambidi achonge.

#35 FundiNungwi
Nileteeni picha na vipimo. Mie nitachonga. Na nitaipaka nta, nimeshasema.

#36 ZamuYaUsiku
Turudi kwenye mada kidogo. Nilijaribu ile ya dumu letu kwenye kigari cha mwanangu, kile cha plastiki kilichopauka. Kimerudi kung'aa. Lakini baada ya muda naona umanjano. Ni polishi au ni jua?

#37 Kaskazi_Tupu
Jua. Plastiki nyeupe yenyewe hugeuka manjano juani bila kupakwa kitu.

#38 KipandeChaMkoani
Polishi. Mimi ninayo ndege nyeupe niliyoipaka nusu, nikaiweka kabatini, gizani. Iliyopakwa imekuwa na rangi ya samli, upande mwengine mweupe.

#39 DekaliZaBaba
Nami ninayo niliyoipaka yote, imekaa rafuni, bado nyeupe. Polishi ya sakafu imetengenezwa ikijua itapakwa upya kila baada ya muda na ya zamani kuondolewa. Hakuna aliyeiahidi miaka ishirini. Na kila chupa ina viambato vyake vya kulainisha. Huwezi kusema "polishi" kisha ukahukumu zote.

#40 Kaskazi_Tupu
Na kabatini kuna nini? Nafthalini? Udi? Bi Mashavu, wewe ukifukiza udi kila Alhamisi, kuta hazigeuki?

#41 BiMashavu
Zinageuka. Na nguo nyeupe za sanduku nazo hugeuka manjano, na sijazipaka polishi ya mtu.

#42 KipandeChaMkoani
Udi haufukizwi kabatini kwangu, jamani. Ila karafuu tunaanika kibarazani, dirisha liko wazi.

#43 MwlKemia_Wete
Karafuu inakauka ikitoa mafuta yake hewani. Sithubutu kusema ndiyo, sithubutu kusema siyo.

#44 Mgeni_Fuoni
Nimesoma uzi wote. Mie nilitumia ile ya kupuliza ya meza, nikadhani ni hiyo hiyo. Rangi niliyopuliza juu yake imekimbia, imeacha vidoa vya duara kama macho ya samaki, hapa na pale. Naiokoaje?

#45 MwlKemia_Wete
Hiyo ni silikoni niliyoitaja #6. Rangi haiwezi kutandaa juu yake, inajikunyata kuizunguka. Ondoa rangi yote, osha modeli kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, zaidi ya mara moja, suuza, acha ikauke. Tina usiiguse, itakula plastiki. Petroli ndiyo kabisa.

#46 UrojoMoto
Nimerudi na habari. Nimekiloweka kioo cha pili kwenye dawa ya vioo, utando umetoka wote, plastiki chini yake haina neno. Nimekiosha kwa maji ya kiyoyozi, nimekichovya bila kuzimua, nimenyonya ukingo pande mbili, nimekiweka ndani ya boksi la viatu lenye balbu ya joto ya wati 40 iliyowashwa, mfuniko umeachwa wazi kidogo. Mvua bado inanyesha. Kimetoka angavu.

#47 Kaskazi_Tupu
Umebadilisha vitu vinne kwa mpigo. Sasa tutajuaje ni kipi?

#48 UrojoMoto
Mie nilitaka kioo, sikutaka kujua.

#49 MwlKemia_Wete
Ni maji.

#50 ZamuYaUsiku
Ni balbu.

#51 Kaskazi_Tupu
Pande mbili za ukingo. Unene. Nimesema tokea #7.

#52 Popobawa_Mstaafu
Binamu ndiye aliyefanya kazi, kubeba chupa mpaka Unguja. UrojoMoto, ukimaliza na Dakota unda Super VC10 ya East African, ile ya 1966. Hiyo ndiyo ilikuwa ndege.

#53 DekaliZaBaba
VC10 ina madirisha madogo mengi pembeni. Hapo ndipo atakapotujua. Polishi ikiwa nzito kidogo inaweza kutengeneza kiwambo ndani ya kidirisha kitupu, ukiigusisha kwa kijiti. Wengine wanafanya hivyo makusudi, hawabandiki kioo kabisa.

#54 Mgeni_Fuoni
Sabuni imefanya kazi, vidoa vimekwenda. Shukrani Mwalimu. Swali jengine: gundi. Naweza kutumia ile ya mabomba ya maji?

#55 MeliZaBandarini
Usithubutu. Ina kiyeyushi kikali, kwenye plastiki ya modeli itakata kama kisu. Na gundi ya papo kwa papo usiiweke karibu na vioo, mvuke wake unaacha weupe. Wengi hukichovya kioo kwenye polishi kwanza ndipo wanabandika, inakikinga kiasi.

#56 UrojoMoto
Weupe mwengine tena. Mwalimu usije.

#57 KipandeChaMkoani
@Mgeni_Fuoni nina chupa mbili za gundi ya modeli, ile nyembamba yenye kiburashi ndani ya kifuniko. Naja Unguja na boti ya Ijumaa asubuhi. Nipe kimoja katika vifaa vyako usivyovitumia, tubadilishane pale nje ya geti la bandari.

#58 Mgeni_Fuoni
Nina Cessna isiyo na magurudumu. Inafaa?

#59 KipandeChaMkoani
Lete.